Kuunda kifaa cha mtandao ndani ya kerneli ya Linux: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaoandika draiva za kadi za mtandao, na wale wanaobuni moduli (vipande vya kodi vinavyopakiwa na kuondolewa kerneli ikiendelea kufanya kazi) zinazozaa vifaa visivyoshikika kwa mkono, kama handaki au daraja. Wengi wao wanaijua C vizuri. Kinachowasumbua ni jambo moja lenye sura nyingi: kifaa kikishasajiliwa ni mali ya nani, na kinakufa lini? Majina ya funksheni nimeyaacha kama yalivyo kwenye kodi, ili uyakute ukiyatafuta.

Kwa nini kadi ya mtandao haina faili yake chini ya /dev?

Diski unaifungua, unaisoma, unaifunga, na aliyeifungua anajulikana. Pakiti haziji kwa kuitwa. Zinaingia saa yoyote, na kerneli ndiyo inayoamua ziende soketi gani, zipitishwe kwenye kadi nyingine au zitupwe. Kwa hiyo Linux iliipa kadi muundo wake yenyewe, `struct net_device`, wenye jina, namba ya ifindex inayokitambulisha, anwani ya MAC, MTU (ukubwa wa juu wa pakiti), foleni za kutuma, na kielekezi cha `netdev_ops`. Hilo la mwisho ni jedwali la funksheni ambazo draiva yako inaitikia: `ndo_open` kifaa kinapowashwa, `ndo_stop` kinapozimwa, `ndo_start_xmit` pakiti inapotoka. Jedwali lilitengwa katika toleo la 2.6.29. Kabla ya hapo vielekezi hivyo vilikaa ndani ya `net_device`, na kila draiva ilivijaza kimoja kimoja kwa kila kifaa.

Mbona nisitangaze tu `static struct net_device` ndani ya moduli yangu?

Kwa sababu moduli inaweza kuondoka huku kifaa bado kimeshikwa. Tazama amri hii, ambayo nyaraka za kerneli zenyewe zinaitaja:

    rmmod mydriver </sys/class/net/myeth/mtu

Ipitie polepole. Kabla `rmmod` haijaanza, sheli inafungua faili ya `mtu` ya kifaa chako na kumkabidhi `rmmod` kama mlango wake wa kuingizia data. Basi mchakato uleule unaokuja kuiondoa draiva ndio umekishika kifaa cha draiva hiyo. Kama `net_device` ilikuwa kigeu cha static, kumbukumbu yake inaondoka pamoja na moduli, na mwenye faili anabaki ameshika kitu kisichokuwepo. Ndiyo sababu kifaa lazima kitoke `alloc_netdev` au ndugu zake, kama `alloc_etherdev`, na kumbukumbu yake iachiliwe pale tu mshikaji wa mwisho anapoondoa mkono.

Data zako mwenyewe hazihitaji nafasi ya peke yake. Unataja ukubwa wake wakati wa kuomba, kerneli inaziunganisha na kifaa, nawe unazipata kwa `netdev_priv`. Faida yake ni kwamba zina umri mmoja na kifaa. Hatari yake ni ileile: ukishaita `free_netdev`, kielekezi ulichopata kwa `netdev_priv` usikiguse tena, hata kwa mstari mmoja wa kuchapa ujumbe.

Kuomba kumbukumbu na kusajili ni hatua mbili. Kwa nini zisiwe moja?

Ziliwahi kuwa moja. Enzi za 2.2 na 2.4 kulikuwa na `init_etherdev`, iliyotenga kumbukumbu na kusajili kwa mkupuo, kisha draiva ikaanza kujaza vielekezi vyake. Matokeo yake kifaa kilionekana na mfumo mzima kabla hakijakamilika. Desturi hiyo iliachwa, na haikuachwa bure.

Sheria ya leo ni fupi: `register_netdev` iwe ya mwisho. Tangu kufuli la usanidi wa mtandao linapoachiwa ndani yake, yeyote anaweza kukiwasha kifaa, hata kabla mstari wako unaofuata haujafikiwa.

    dev = alloc_etherdev(sizeof(*k));
    if (!dev)
        return -ENOMEM;

    SET_NETDEV_DEV(dev, &pdev->dev);
    pci_set_drvdata(pdev, dev);
    k = netdev_priv(dev);
    k->dev = dev;
    dev->netdev_ops = &kadi_ops;
    netif_napi_add(dev, &k->napi, kadi_poll);
    eth_hw_addr_set(dev, mac_ya_kadi);
    netif_carrier_off(dev);

    err = register_netdev(dev);
    if (err)
        free_netdev(dev);
    return err;

Niliwahi kuandika draiva ambayo NAPI yake (utaratibu wa kupokea pakiti kwa mafungu) niliiongeza mstari mmoja baada ya kusajili. Kwenye mashine yangu ilikwenda wiki nzima bila neno, kwa kuwa nilikuwa nawasha kadi kwa mkono. Kwa mteja kulikuwa na programu ya kusimamia mtandao inayosubiri kifaa kipya na kukiwasha papo hapo. Seva ilianguka kila mara ya tatu au ya nne inapowashwa, na mimi nikawa natafuta kosa kwenye njia ya kupokea pakiti. Siku mbili zilipita kabla sijatazama mpangilio wa mistari ya `probe`, funksheni ambayo kerneli huiita inapokuta kadi. Tangu hapo, nikikagua draiva ya mtu, kitu cha kwanza ninachosoma ni kilichoandikwa chini ya `register_netdev`. Panapaswa kuwa patupu.

`netif_carrier_off` pale juu isikushangaze. Kifaa kipya huhesabiwa kwamba waya wake umechomekwa hadi useme vinginevyo. Usiposema, mfumo utaanza kuomba anwani kabla kadi haijapatana na swichi.

Nitumie `register_netdev` au `register_netdevice`?

Ya kwanza inachukua kufuli la RTNL, inaita ya pili, kisha inaliachia. Ya pili inadai uwe tayari umelishika. RTNL ni kufuli kuu la usanidi wa mtandao, na karibu kila badiliko la kifaa hupita humo. Kwenye `probe` ya kadi halisi tumia ya kwanza. Kwenye `newlink`, tutakayoifikia hapo chini, kufuli limeshashikwa na aliyekuita. Ukiita `register_netdev` humo utajisubiri wewe mwenyewe hadi mashine izimwe.

Kuna mtego wa pili wa namna hii ambao hauonekani haraka. `ndo_stop` nayo huitwa huku RTNL imeshikwa. Ukiita humo `cancel_work_sync` kusubiri kazi ya nyuma imalizike, na kazi hiyo nayo inaomba `rtnl_lock`, mmoja anasubiri kufuli na mwingine anasubiri kazi. Hakuna atakayetoka. Washa `CONFIG_PROVE_LOCKING` kwenye kerneli ya majaribio. Mara nyingi itakupigia kelele kabla mkwamo wenyewe haujatokea.

Nani aamue kifaa kizaliwe, draiva au mtumiaji?

Hapa ndipo usanifu wenyewe ulipo, na watu wengi wanapapita mbio.

Kama kuna kitu halisi kwenye basi la PCI au USB, jibu liko wazi: kimechomekwa, basi kipo. Draiva inakiunda ndani ya `probe`, inakiondoa ndani ya `remove`, na mtumiaji hana haja ya kuomba.

Kifaa cha kufikirika hakichomekwi popote. Lazima mtu aseme anakitaka, na Linux imejaribu njia nyingi za kumsikiliza mtu huyo. Moduli ya `dummy`, inayozaa vifaa vya majaribio visivyopeleka pakiti popote, ina paramita ya `numdummies`, yaani unataja idadi wakati wa kupakia na imetoka. Madaraja yaliundwa kwa ioctl, yaani mwito wa mfumo unaobeba amri na data kwenda kerneli, kupitia `brctl`. VLAN, mitandao kadhaa inayogawana waya mmoja, zilikuwa na ioctl yao tofauti na amri yao, `vconfig`. Bonding, inayounganisha kadi kadhaa zionekane moja, ilitaka uandike `+bond1` ndani ya `/sys/class/net/bonding_masters`. Kila mlango ulikuwa na lugha yake, na aliyeandika programu ya kusimamia mtandao alilazimika kuzijua zote.

Mwaka 2007, katika toleo la 2.6.23, ukaja mlango mmoja: `rtnl_link_ops`. Moduli yako inajaza muundo wenye jina la aina yake na funksheni chache, inauandikisha kwa `rtnl_link_register`, na mtumiaji anasema:

    ip link add jaribio0 type dummy

Amri hiyo inatuma ujumbe wa netlink (njia ya programu kuzungumza na kerneli kwa soketi) uitwao RTM_NEWLINK, ndani yake mkiwa na neno `dummy`. Kerneli inatafuta nani ameandikisha aina hiyo. Asipopatikana, inaomba moduli yenye lakabu `rtnl-link-dummy` ipakiwe, kisha inatafuta tena. Ndiyo maana ule mstari mdogo wa `MODULE_ALIAS_RTNL_LINK` mwishoni mwa faili una thamani kubwa: bila huo, mtumiaji lazima ajue kupakia moduli kwanza.

Ushauri wangu ni kwamba kifaa kipya cha kufikirika kipite hapa, isipokuwa una sababu unayoweza kuitetea mbele ya watu. WireGuard, iliyoingia katika toleo la 5.6 mwaka 2020, ni mfano mzuri wa kugawa kazi. Kuzaliwa kwa kifaa kunapita `rtnl_link_ops` kama wenzake wote, huku funguo na orodha ya wenza vikipita generic netlink, kwa sababu hivyo hubadilika wakati wowote na vinaweza kuwa vingi sana.

Kwenye `newlink` niandike nini?

`newlink` ni funksheni ya `rtnl_link_ops` yako inayoitwa mtumiaji anapoomba kifaa. Ukifika humo, kazi kubwa imeshafanywa. Kerneli imetenga kifaa kwa ukubwa ulioutaja kwenye `priv_size`, imeita `setup` yako, imeweka jina na namba za foleni. Wewe unasoma atributi za aina yako, unakamilisha data zako, unaita `register_netdevice`. Angalia tu kwamba orodha ya hoja za `newlink` imebadilika zaidi ya mara moja kati ya matoleo, hivyo soma `include/net/rtnetlink.h` ya kerneli unayojenga, usinakili ya mwenzako.

Makosa ya atributi yakague kwenye `validate`, kabla chochote hakijatengwa. Na ukikataa, toa sababu. Tangu 2017 kuna `extack`, inayokuwezesha kurudisha sentensi badala ya EINVAL peke yake. Mtu aliyeketi saa nane za usiku mbele ya seva anahitaji kuambiwa kwamba MTU aliyoomba inazidi ya kifaa cha chini. "Invalid argument" haimsaidii.

Kwa mfano mgumu zaidi soma veth. Amri moja pale inazaa vifaa viwili, kila kimoja kikiwa mwisho wa waya mmoja wa kufikirika. Mwenzake anaundwa kwa `rtnl_create_link`, anasajiliwa, kisha anasajiliwa wa kwanza. Usajili huu wa mwisho ukishindikana, yule aliyekwisha kusajiliwa lazima aondolewe, wala haitoshi kumwachilia kumbukumbu, kwa kuwa mfumo umeshamwona. Fuata lebo za `goto` za funksheni ile kutoka chini kwenda juu, utaona kila hatua ikifutwa kwa mpangilio wa kinyume.

Kuna ubaya gani kutumia ioctl? Nimeizoea.

Ioctl hubeba muundo wa C wenye umbo lililoganda. Siku utakapotaka kuongeza uwanja mmoja, programu za zamani hazitajua, na programu ya biti 32 juu ya kerneli ya biti 64 inaweza kuwa na mpangilio tofauti wa kumbukumbu. Namba za siri za draiva, zinazoanzia SIOCDEVPRIVATE, ni 16 tu, na namba ileile ina maana moja kwa draiva hii na nyingine kwa ile.

Netlink inabeba atributi, kila moja ikiwa na namba ya aina yake na urefu wake. Ya kuongeza unaiongeza mwishoni. Unaeleza kwenye `nla_policy` kipi ni namba ya biti 32 na kipi ni maandishi, na kerneli inakagua kabla ujumbe haujakufikia.

Hata hivyo siikatai ioctl kila mahali. Tun na tap huundwa kwa kufungua `/dev/net/tun` na kuita TUNSETIFF, na hapo naona ni sawa kabisa: programu inayosoma pakiti inahitaji faili ya kuzisomea, na programu ikifa faili inafungwa, kifaa kinatoweka nayo, ila tu kama uliomba kidumu kwa TUNSETPERSIST. Umri wa kifaa umefungwa kwenye umri wa mchakato. Kwa mashine pepe au VPN hiyo ndiyo tabia unayoitaka.

Jina la kifaa nilipange mimi?

Toa kiolezo kama `eth%d` na uiachie kerneli itafute namba iliyo wazi. Nafasi ni baiti 16 pamoja na sifuri ya mwisho, kwa hiyo herufi 15. Hoja ya `name_assign_type` inaambia upande wa mtumiaji jina limetoka wapi, ili udev, programu inayosimamia vifaa, ijue kama ina ruhusa ya kulibadilisha. Na itabadilisha, kwa hiyo draiva isihifadhi jina popote. Ukitaka kukumbuka kifaa, kumbuka ifindex, au ushike kielekezi kwa `netdev_hold`.

Nikifuta kifaa, kerneli inarudia kusema "waiting for ... to become free". Tatizo ni nini?

Kuna mtu amekishika na hataki kukiachia. Ujumbe kamili unataja jina la kifaa na idadi ya washikaji waliobaki, na unarudi kila baada ya sekunde 10 hivi.

Kuondoa kuna hatua zake. `unregister_netdevice` inakizima kifaa, inakitoa kwenye orodha, inawatangazia wote wanaosikiliza kwa NETDEV_UNREGISTER, nao wanatakiwa waachie walichoshika. Kisha, RTNL ikishaachiwa, kerneli inasubiri hesabu ya washikaji iishe. Aliyeita `dev_hold` akasahau `dev_put` kwenye njia moja ya makosa anatosha kuikwamisha kazi hiyo milele, na wakati huo huwezi hata kuwasha mashine upya kwa utaratibu.

Zamani kumtafuta mhalifu ilikuwa kubahatisha. Siku hizi tumia `netdev_hold` na `netdev_put`, ambazo zinadai kila mshikaji awe na alama yake, kisha jenga kerneli yenye `CONFIG_NET_DEV_REFCNT_TRACKER`. Itakuonyesha mstari wa kodi ulioshika bila kuachia. Kwa maoni yangu hakuna sababu ya kuandika `dev_hold` tupu kwenye kodi mpya.

Nani anaita `free_netdev`?

Kwa kadi halisi ni wewe: `unregister_netdev`, kisha `free_netdev`. Kwa kifaa cha `rtnl_link_ops` huwezi, kwa sababu `dellink`, funksheni inayokifuta, inaendeshwa ndani ya RTNL na kifaa bado hakijamaliza kufa. Unaweka `dev->needs_free_netdev = true` ndani ya `setup`, na kerneli inakiachilia wakati ukifika. Kama data zako zina kumbukumbu ya ziada, andika `priv_destructor`.

Mambo haya mawili yalikuwa uwanja mmoja, `destructor`, hadi toleo la 4.12. Draiva nyingi ziliweka `free_netdev` humo moja kwa moja, na usajili ukishindikana katikati haikujulikana nani afute nini: wengine walivujisha kumbukumbu, wengine waliiachilia mara mbili. Sasa iko hivi: `register_netdevice` ikishindwa baada ya `ndo_init` kufaulu, `priv_destructor` inaitwa, lakini `free_netdev` inabaki kwa aliyetenga.

Ndani ya `dellink` tumia `unregister_netdevice_queue` na orodha uliyopewa. Kila kuondoa kunasubiri wasomaji wa RCU (utaratibu wa kusoma data bila kufuli) wapite. Vifaa elfu moja vikiondolewa kimoja kimoja ni kusubiri mara elfu, vikiwa kwenye orodha vinasubiri pamoja.

Nafasi za majina za mtandao zinanihusu?

Ndiyo. Hizi ni mitandao iliyotengwa ndani ya mashine moja, nazo zinakuhusu hasa kama kifaa chako kinakaa juu ya kingine, maana vinaweza kuwa katika nafasi mbili tofauti. Jambo ambalo watu hawalitarajii: nafasi ikifutwa, vifaa vyenye `rtnl_link_ops` na `dellink` hufutwa nayo, lakini kadi halisi hurudishwa kwenye nafasi ya mwanzo, kwa kuwa huwezi kufuta chuma.

Nikishachapisha atributi zangu, naweza kuzirekebisha baadaye?

Kuongeza, ndiyo. Kubadilisha maana au kutumia tena namba, hapana. Kilichoingia kwenye `include/uapi`, sehemu ambayo programu za watumiaji zinaitegemea, kikatolewa ni maji yaliyomwagika, kwa kuwa kerneli haivunji programu za watumiaji. Kwa hiyo anza na chache. Usiweke atributi kwa sababu huenda ikahitajika. Unachokubali kwenye `newlink`, kirudishe kwenye `fill_info`, tena kwa umbo lilelile, na `get_size` ihesabu nafasi yake. Vinginevyo `ip -d link show` haitaonyesha alichokiweka mtumiaji.

Nianzie wapi?

Soma `drivers/net/dummy.c` yote, ni fupi na ina hatua nyingi za msingi nilizozitaja. Kisha nenda `veth.c`. Jenga kerneli yenye KASAN (inayokamata makosa ya kumbukumbu) na PROVE_LOCKING, iendeshe ndani ya mashine pepe, na kwenye dirisha moja acha kitanzi cha `ip link add` na `ip link del` kikizunguka juu ya aina yako, huku dirisha la pili likiwasha na kuzima kifaa hichohicho na la tatu likisoma faili zake chini ya `/sys/class/net`. Kiache usiku kucha, asubuhi usome `dmesg` tangu mstari wa kwanza.